Mzimu wa Mita Mia Nne na Kumi na Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kugusa chombo chochote, Bi Nane alivua viatu mlangoni, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akapitisha kitambaa chenye unyevu juu ya meza mbili. Meza ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya dada yake, aliyefariki miaka minane iliyopita. Hakuna aliyemwagiza kuifuta meza hiyo, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini kigoda cha dada huyo, chenye mto wa kitambaa cha maua, hakijasogezwa tangu wakati huo.

Karakana ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Madirisha yalizibwa kingo zake kwa utepe ili vumbi lisipenye, na feni ilipigwa marufuku hata siku za joto kali, kwa kuwa feni hutimua kile ambacho mtu ametumia asubuhi nzima kukifuta. Ukimya wa chumba hicho ulikuwa wa aina yake. Bi Nane alipoanza kusugua, sauti ya msasa ilikwenda ukutani, ikarudi upande wa meza ya pili kwa kuchelewa kidogo, kana kwamba pale pia kulikuwa na mtu anayesugua. Alikuwa ameizoea. Asichoweza kukizoea ni kwamba kila aliposimamisha mkono, sauti ya upande wa pili ilionekana kuendelea kwa mzunguko mmoja zaidi.

Kazi yake inahitaji kuelezwa kwa utaratibu, kwa maana asiyeielewa hataelewa kilichomsumbua. Alitengeneza vichwa vya nyaya za faiba, zile zinazosafirisha habari kwa mwanga. Ndani ya waya wa namna hiyo hupita kioo chembamba kama unywele. Mwishoni mwa waya, unywele huo hutiwa gundi ndani ya kipini cha kauri nyeupe, chenye unene unaokaribia wa kijiti cha kiberiti, kisha ncha ya kipini husuguliwa. Nyaya mbili zinapounganishwa, vipini viwili husukumwa uso kwa uso ndani ya kijibomba kidogo. Vioo vikigusana sawasawa, mwanga huvuka kana kwamba hakuna mpaka wowote. Lakini ikibaki hewa baina yake, hata iwe nyembamba kuliko chembe ya vumbi, sehemu ya mwanga hugonga, hugeuka, na kurudi ulikotoka.

Kila mtu ameliona jambo hili bila kulipa jina. Ukisimama dirishani huona bustani iliyo nje na, juu ya bustani hiyo, sura yako mwenyewe iliyofifia. Katika kila sehemu mia za mwanga unaofika mahali kioo kinapokutana na hewa, karibu sehemu nne hukataa kupita. Kichwa kilichosuguliwa vizuri na kugusana na mwenzake hurudisha sehemu moja tu katika laki moja. Na kuna vichwa vya kifuniko cha kijani, ambavyo ncha yake husuguliwa kwa mshazari wa digrii nane, ili hata hicho kidogo kinachorudi kitupwe pembeni na kufia huko, kisiifikie tena mashine iliyokituma. Mwanga unaorudi ni msumbufu. Huiingilia mashine kinywani ikiwa inasema, nayo huanza kubabaika.

Jina la Bi Nane lilitokana na mkono wake. Kipini hakisuguliwi kwa kuzungushwa mduara, maana mduara hula upande mmoja; husuguliwa kwa kuchora namba nane juu ya msasa, mara baada ya mara, kwa uzito uleule. Kuna msasa wa kijivu wa kuondoa gundi, wa kahawia wa kusawazisha, na mweupe, laini kama hariri, wa kumalizia. Dada yake ndiye aliyemfundisha, na katika mafunzo yote alikazia jambo moja kuliko mengine: juu ya msasa mweupe, mizunguko kumi na tano, basi. Msasa huo, alimwambia, ni wa kuaga, si wa kufanyia kazi. Kioo ni laini kuliko kauri. Ukizidisha mizunguko, kauri itabaki mahali pake na kioo kitazama ndani, kama sakafu ya kisahani. Ubaya wake ni kwamba ukikitazama kwa hadubini hutaona kasoro. Kitang'aa kuliko vyote.

Katika karakana hiyo kila msuguaji alikuwa na uzi wake. Kabla ya kufunga kifuniko cha kichwa alizungusha uzi wa cherehani mara tatu shingoni mwake, akauchovya kwenye gundi, ili kichwa kikirudi siku moja kijulikane ni cha nani. Uzi wa Bi Nane ulikuwa mweupe. Wa dada yake ulikuwa mwekundu.

Aliyeleta habari alikuwa mpimaji wa karakana, mwanamume mrefu mwenye maneno mengi, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda na mashine ya kupimia mahali nyaya zilipogoma. Aliingia saa nne asubuhi akiwa na mashine yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mezani walikuwepo Bi Nane na binti wa marehemu dada yake, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akimalizia mafunzo. Mwezi uliofuata msichana huyo angekalia rasmi kigoda cha mama yake na kuurithi uzi mwekundu. Kijisanduku chenye kibonge cha uzi huo kilikuwa tayari kwenye droo, na kila siku alikifungua akitazame, akidhani haonekani.

Mpimaji aliwaeleza kwamba hospitali kubwa ilikuwa imefunga mashine mpya ya kutuma picha za eksirei kutoka jengo jipya hadi jengo la zamani, na tangu siku hiyo picha zilifika zikiwa zimekatika. Aliupima waya. Mashine ya kupimia hutuma mmweko wa mwanga na kusikiliza kinachorudi; kwa muda uliopita hujua umbali. Waya ulikuwa na urefu wa mita mia tatu na themanini. Lakini kwenye kioo cha mashine kulikuwa na kilima kimoja kirefu katika mita mia mbili na sita, na kingine kidogo katika mita mia nne na kumi na mbili.

"Sasa nielezeni, mama zangu," alisema. "Waya umeisha mia tatu na themanini. Huyu wa mia nne na kumi na mbili amekaa wapi? Amesimama mita thelathini na mbili nje ya waya, ndani ya ukuta, ananitazama tu. Nilimpungia mkono."

Msichana alicheka, kisha akajibu alivyofundishwa: kitu hicho wapimaji wenyewe hukiita mzimu. Hakipo. Ni mwanga uliorudi kwa nguvu kutoka mia mbili na sita, ukagonga mdomo wa mashine, ukaenda tena na kurudi mara ya pili, ukaandikwa mahali ambapo ni mara mbili ya umbali wa kweli. Ukitaka kuuondoa mzimu, tafuta kichwa kibovu kilicho nusu ya njia.

"Huyu atanipokonya kazi," mpimaji alimwambia Bi Nane. "Mwoze mapema, ahamie mbali."

Bi Nane hakucheka. Alikuwa akifanya hesabu nyingine, ambayo hakuitaka. Aliijua ile hospitali. Waya uliishia kwenye kabati la chuma mwishoni mwa ukumbi wa ghorofa ya kwanza, jengo la zamani. Upande wa pili wa ukuta ulio nyuma ya kabati hilo ukumbi uliendelea, na mita thelathini na mbili mbele yake, mkono wa kushoto, kulikuwa na wodi ya wanawake. Kitanda cha pili kutoka dirishani. Hapo ndipo dada yake alipolala siku kumi na nane, na hapo ndipo alipofumba macho. Akili yake ilimwambia yale yale aliyoyasema msichana. Hata hivyo, alikuwa ameacha kusugua.

Mpimaji alitoa mfukoni mfuko mdogo wa nailoni. Alikuwa amefika kwenye kabati la mita mia mbili na sita, chini ya ngazi, mahali nyaya za majengo mawili zinapokutana, akakichomoa kichwa chenye hitilafu. Akakiweka juu ya meza. Kilikuwa na kifuniko cha buluu na, shingoni, uzi mwekundu.

Hapa ni lazima turudi nyuma miaka minane.

Fundi mkuu, mwenye karakana, alikuwa mtu wa haki lakini mwenye kanuni kavu: msuguaji akikosekana siku saba, kigoda chake hupewa mwingine. Mwaka huo alikuwa safarini kikazi kwa mwezi mzima, akiwaachia ndugu hao wawili kazi ya vichwa vya hospitali. Dada mkubwa akaugua. Siku ya kwanza alisema ni mafua. Siku ya tatu alilazwa. Alikuwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja na hakuwa na mume. Kigoda kile kilikuwa ndicho mlo, kodi ya nyumba na ada ya shule. Mdogo wake akafanya alichoona kuwa ndiyo njia. Asubuhi alisugua vichwa vyake na kuvifunga uzi mweupe. Mchana alihamia meza ya pili, akakalia mto wa maua, akasugua vichwa vya dada yake na kuvifunga uzi mwekundu. Vilikuwa kumi na viwili. Daftari la karakana likaonyesha kwamba wote wawili walikuwepo.

Lakini alipokuwa kwenye kigoda kile hakujiamini. Vichwa vya uzi mwekundu vilijulikana kuwa bora kuliko vya mtu yeyote, na aliogopa kwamba fundi mkuu akirudi atatambua mkono mwingine. Kwa hiyo, juu ya msasa mweupe, alipofika kumi na tano hakuaga. Aliendelea. Ishirini. Ishirini na tano. Kila kichwa aliking'arisha hadi kikawa kama jicho la samaki mbichi, naye akafarijika kwa uzuri wake.

Jioni alikwenda wodini na kusimulia kazi ya siku. Siku ya kumi na sita ya kulazwa kwake, dada yake, ambaye sauti ilikuwa imekwisha kupungua, alimshika kifundo cha mkono.

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu, dada."

"Hadi ngapi?"

"Kumi na tano."

Dada yake aliutazama mkono ule kwa muda, akauachilia. Siku mbili baadaye alifariki. Fundi mkuu alirudi kwa ajili ya mazishi, akaambiwa kwamba ugonjwa ulikuwa wa ghafla. Vile vichwa kumi na viwili vilikuwa tayari vimepimwa na kufungwa, navyo vilipita vizuri, maana kauri hubonyea kidogo inapokandamizwa na vioo vilivyozama bado vilifikiana. Ilihitaji miaka, na joto na baridi ya kabati lile, ili gundi ilegee, kioo kirudi nyuma kidogo zaidi, na hewa ipate nafasi ya kuingia. Mashine za zamani zilivumilia mwanga uliorudi. Mashine mpya haikuvumilia.

Basi Bi Nane alikitambua kichwa kile mara tu kilipowekwa mezani. Msichana alikichukua, akakitazama kwa hadubini, akakizungusha taratibu mbele ya taa, akakirudisha kwenye mfuko.

Fundi mkuu aliitwa. Alikuwa amezeeka, na miwani yake ilifungwa kwa kamba ya kiatu. Alikiweka kichwa kwenye mashine inayochora umbo la ncha, akaona kioo kilivyozama, akavua miwani. Alizungumza kwa heshima juu ya marehemu, akasema kwamba pengine maradhi yalikuwa yamemwanza zamani, mkono ukachoka bila yeye kujua. Hakumlaumu. Ila hakuweza kujua alianza kukosea lini, na karakana ilikuwa imetoa dhamana yake kwa wateja.

"Popote penye uzi mwekundu," alisema, "patolewe. Vyote."

Vilikuwa vichwa mia sita na zaidi, katika shule, katika ofisi, katika vituo vya simu. Akamgeukia msichana na kumwambia kwa upole kwamba atafutiwa rangi nyingine, kwa kuwa mteja akiuona tena uzi mwekundu hatauamini. Msichana aliitikia, "Sawa, mzee," akafunga droo iliyokuwa na kijisanduku.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi mbele ya Bi Nane kama kichwa chini ya hadubini. Dada yake hakuacha picha nyingi wala mali. Alichokiacha ni vile vichwa mia sita, vikifanya kazi gizani ndani ya makabati, kila kimoja kikiwa kimesuguliwa mizunguko kumi na tano, na ile rangi ambayo binti yake alikuwa akiingojea. Vyote vingetupwa kwa sababu ya kumi na viwili ambavyo hakuvigusa. Neno moja lingeviokoa. Lakini neno hilo lingemwondoa Bi Nane kwenye kigoda alichokikalia miaka ishirini na mitatu, na lingemfikia msichana aliyemlea, aliyekuwa akiamini kwamba siku zile za mwisho hakuna aliyemdanganya mama yake.

Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili fundi mkuu alibandika ukutani orodha ya mahali pa kwenda, na Bi Nane akanyamaza tena. Aliposugua, sauti ya upande wa pili ilikuja kama kawaida, naye akajikuta anaihesabu. Alisimama kumi na tano. Ile nyingine haikusimama. Alisikia kumi na sita, kumi na saba, na mkono wake ukiwa umetulia kabisa juu ya meza akaisikia ikiendelea hadi ishirini na tano, bila haraka, kwa uzito uleule, ndipo ikanyamaza. Aligeuka. Mto wa maua ulikuwa kama ulivyokuwa. Msichana alikuwa ameinamia daftari lake.

"Mama mdogo, unatafuta kitu?"

Akamwambia hapana.

Siku ya tatu mpimaji alirudi na gunia dogo. Alikuwa amemaliza shule mbili na ofisi moja, na alikuwa na vichwa arobaini na vitatu, vyote vya uzi mwekundu. Safari hii hakufanya mzaha. Alisema alijisikia vibaya kuving'oa. Havikuwa na tatizo lolote, hata kimoja, na mwalimu mmoja alimwuliza kama amekuja kuwatengenezea au kuwaharibia. Akalimwaga gunia ndani ya pipa la takataka, kama alivyoagizwa, akashuka ngazi.

Msichana aliinuka, akaingiza mkono kwenye pipa, akatoa kichwa kimoja. Alikifuta kwa spiriti, akakiweka kwenye mashine ya kupimia, akatazama namba. Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu. Kila kimoja kilirudisha kidogo sana, chini hata ya sehemu moja katika laki moja. Vilikuwa na umri wa miaka kumi, kumi na miwili. Alivipanga kwenye kitambaa cheupe mbele ya mama yake mdogo kama mtu anayepanga meno yaliyong'oka.

Bi Nane alivitazama, na maneno yakatoka yenyewe, kwa sauti ndogo. Alieleza kila kitu kwa mpango, kama ripoti ya kazi: safari ya fundi mkuu, siku saba, kigoda, vichwa kumi na viwili, mizunguko ishirini na tano. Alipofika wodini alisita, kisha akasema na hilo pia. Mama yako aliniuliza hadi ngapi. Nikamwambia kumi na tano.

Msichana hakulia. Alivuta ule mfuko wa nailoni wenye kichwa cha hospitali, akakiweka kando ya vile vingine.

"Mama alikuwa wa mkono wa kushoto," alisema. "Mimi pia. Uzi wa vyote hivi umezungushwa kuja kushoto. Huu umekwenda kulia." Akakisogeza kichwa hicho mbele yake. "Niliuona siku ile ile, mama mdogo. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

"Na kama nisingekuambia?"

"Ningeondoka nikatafute kazi nyingine. Nisingemwambia mtu."

Jibu hilo lilimwumiza Bi Nane kuliko lawama yoyote. Aliuliza kwa nini asingesema, ilhali ni jina la mama yake.

"Kwa sababu mama alijua," alisema msichana. "Alikushika mkono, siyo? Alikuwa anahesabu kwa ngozi. Mimi akinishika hapa," akagusa kifundo chake, "alikuwa anajua kama nimefagia chumba au nimedanganya. Aliamua kunyamaza. Ningekuwa nani mimi niseme?"

Bi Nane aliinuka. Kisha alivaa viatu, ambavyo kwa kawaida havikuvaliwa hadi saa kumi na moja, akashuka kwenda kwa fundi mkuu.

Mazungumzo hayo hayakuwa marefu. Fundi mkuu alisikiliza hadi mwisho, akauliza idadi mara mbili, akauliza kama kuna vingine, akaambiwa hakuna. Alikaa akizungusha miwani yake. Kisha akampigia mpimaji simu na kumwambia asing'oe kichwa kingine chochote, na vile arobaini na vitatu avirudishe alikovitoa, kimoja kimoja, aombe radhi. Uzi mwekundu ungebaki. Kuhusu Bi Nane, alisema kwamba daftari lilidanganywa naye hawezi kulipuuza. Uzi mweupe ungeondoka mezani. Angekata nyaya na kutia gundi, kazi ya mwanagenzi, na alama yake isingekuwa kwenye kichwa chochote tena. Bi Nane alikubali. Aliomba jambo moja tu, kwamba vichwa vipya vya hospitali avisugue yeye, viwe vya mwisho. Fundi mkuu alifikiri, akamruhusu, kwa sharti kwamba msichana akae kando yake na kuhesabu kwa sauti.

Walivifanya kwa siku mbili. Vilikuwa vya mshazari, vya kifuniko cha kijani. Msichana alihesabu, na kila alipotamka kumi na tano Bi Nane aliinua mkono juu ya msasa kama aliyegusa kitu cha moto. Shingoni mwa vichwa hivyo hawakufunga uzi wa rangi yoyote.

Siku ya kuvifunga walikwenda wote watatu. Mpimaji aliingia chini ya ngazi, akatoa vichwa kumi na kimoja vilivyobaki, akavipokeza kwa Bi Nane kimoja baada ya kingine, na vipya vikaingia pamoja na vijibomba vyake vya kijani. Kila uzi ulikuwa umekwenda kulia. Bi Nane alivitia mfukoni, vikagongana kidogo alipotembea.

Wakati mpimaji akiwasha mashine, Bi Nane alipanda hadi ghorofa ya kwanza peke yake. Alifika kwenye kabati la mwisho, akauzunguka ukuta kwa kupitia mlango wa pembeni, akaanza kuhesabu hatua. Wodi haikuwa wodi tena. Ilikuwa stoo ya magodoro na vitanda vilivyoharibika, na mlango wake haukufungwa. Mahali pa kitanda cha pili kutoka dirishani palisimamishwa godoro lililofunikwa nailoni. Nje kulikuwa na bustani na mtu aliyekuwa akimwagilia maua. Juu ya bustani hiyo, ndani ya kioo cha dirisha, alimwona mwanamke aliyefifia akimtazama. Ilikuwa sura yake. Hakuwa na shaka yoyote juu ya hilo. Lakini kwa umri huu alikuwa amefanana na dada yake kiasi kwamba hakuthubutu kuwa wa kwanza kugeuka.

"Ishirini na tano, dada," alisema.

Aliporudi chini ya ngazi, mpimaji alimwonyesha kioo cha mashine. Mstari ulishuka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Katika mita mia mbili na sita kulikuwa na kidaraja kidogo tu, kisicho na kilima. Katika mia nne na kumi na mbili hapakuwa na kitu.

"Amehama," alisema mpimaji. "Hata kuaga hakuaga."

Msichana alimtazama kwa jicho kali, naye akajitia kushughulika na kamba za begi.

Mwezi uliofuata msichana alikalia mto wa maua. Bi Nane sasa huketi kwenye meza ya kukatia, karibu na mlango, na mkasi na gundi. Anasikia msasa mweupe ukienda na kurudi, na ukuta ukiujibu. Kumi na tano, msichana anasimama, na ukuta unasimama pamoja naye. Hapo Bi Nane huweka mkasi chini na kusikiliza kidogo zaidi. Hakuna kinachokuja. Huendelea kukaa hivyo, shingo imeinama upande, mpaka msichana anapomwita kwa upole na kumwomba amkatie waya mwingine.